Namna ya kuandaa siku ya kuheshimu wanafunzi wa zamani wa shule yenu mpaka ifaulu: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Kila mwaka mwezi wa pili ukifika napata ujumbe uleule: "Yaya, tunataka tuheshimu watu waliosoma kwetu, wale wamefanya kazi nzuri na wamesaidia watu, tuanzie wapi?" Kiisha mwezi wa nane wanarudi walewale na uchungu, feza imeisha na hakuna mwenye kujua imeishia wapi, medali imeenda kwa mtu anayetafuta kura, na ule mama ambaye kartye nzima inajua kazi yake alikaa nyuma karibu na masufuria na hakuna hata mmoja aliyetaja jina lake. Inaniuma sana. Nimekaa mu komite ya shule yetu miaka sita na karibu makosa yote nimeyaona kwa macho, kwa hiyo naandika yote hapa, chukueni, fuateni hatua kwa mpangilio wake, msiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Miezi sita. Si miwili. Mkiwa na miwili tu, ngojeni mwaka ujao.
- Barua ya prefe (mkuu wa shule ya sekondari) yenye muhuri, inayosema shule inakubali. Kama shule ni ya kanisa, pia ruhusa ya wakubwa wa kanisa wanaosimamia shule.
- Rejista za zamani na palmare (orodha za matokeo ya wanafunzi), hata zile zilizoliwa na mchwa nusu.
- Madaftari mawili ya karatasi ngumu, moja la majina, moja la feza. Simu inaibiwa, simu inaanguka mu maji, daftari linabaki.
- Fomu ya ukurasa mmoja ya kupendekeza jina.
- Watu saba wa komite.
- Mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri na uvumilivu. Mtamhitaji kuliko mnavyofikiri.

Feza haiko mu orodha hii makusudi. Wengi wanaanza nayo, na hapo njo mambo yanaharibikia.

## Hatua ya 1: Andikeni mnaheshimu nini, kabla ya jina lolote

Kaeni, mchukue karatasi, muandike masharti. Jina likitajwa mbele ya masharti, masharti yatakatwa kama suruali kwa kipimo cha mtu huyo.

Sisi tunaomba vitu viwili pamoja: kazi aliyoifanya vizuri kwa miaka, na huduma aliyoitoa kwa watu bila kulipwa au zaidi ya alivyolipwa. Kimoja peke yake hakitoshi. Ukitaka kuelewa ninachosema, mwangalie Denis Mukwege, mtoto wa Bukavu aliyezaliwa mwaka 1955: ni munganga mkubwa wa upasuaji wa wanawake, hiyo ni kazi, lakini hospitali ya Panzi aliyoianzisha mwaka 1999 na wanawake aliowashona na kuwatetea mpaka Nobel ya Amani ya 2018, hiyo ni huduma. Dikembe Mutombo vilevile, alicheza mpira wa kikapu wa Marekani, NBA, misimu 18, lakini kitu ambacho mama wa Kinshasa anamkumbukia ni hospitali iliyofunguliwa mwaka 2007 kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Na hapa kwetu kuko Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, picha zake zinaonyeshwa Bulaya, na bado ni mmoja wa walioanzisha Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili hapa Lubumbashi, ili vijana wa hapa nao wapate mahali pa kuonyesha kazi yao.

Sasa msiogope majina hayo makubwa. Kipimo ni kilekile kwa fundi wa kulehemu wa Kenya, ile kartye ya hapa Lubumbashi, anayefundisha vijana wawili kila mwaka bila kuwaomba franga. Yeye pia ana kazi, yeye pia ana huduma.

Ongezeni masharti haya matatu na msiyalegeze:

- Awe amemaliza shule miaka 10 au zaidi. Shule nyingi za Marekani zenye desturi hii nazo zinaweka sharti la miaka, juu kazi ya mtu inahitaji muda kuonekana.
- Aliye mu siasa au anayegombea angoje mpaka atoke. Hata akiwa mtu mzuri kweli. Siku yenu itageuka mkutano wake na hamtaweza kumnyang'anya mikrofoni.
- Aliyetoa mchango mkubwa wa sherehe haheshimiwi mwaka huohuo.

Mtajua mmefaulu mkiwa na ukurasa mmoja wenye sahihi za watu wote saba, umebandikwa pale shuleni watu wakiona.

## Hatua ya 2: Komite ya watu saba

Saba juu kura isigawanyike sawa. Wawe wa miaka tofauti, wanawake wasipungue watatu, kuwe mwalimu mmoja wa sasa na mwalimu mmoja mzee aliyestaafu. Huyo mzee njo hazina yenu, anakumbuka nani alikuwa anakaa dawati gani.

Mtu wa komite hawezi kupendekezwa. Na ndugu yake akipendekezwa, anatoka nje wakati wa kuzungumza jina hilo, anatoka kwa miguu yake kabisa, asibaki akijifanya anaangalia simu.

## Hatua ya 3: Tafuteni majina kila mahali

Wapeni watu mwezi mzima. Kosa la kawaida ni kuweka tangazo mu grupu ya WhatsApp basi, kiisha mnapata majina ya watu wenye megabaiti. Tangazeni kwa redio, tangazeni kanisani baada ya misa na ibada, peleka fomu mu mkutano wa wazazi, peleka Katuba, Ruashi, Kamalondo, Kampemba, na Likasi na Kolwezi mahali wengi wetu walienda kutafuta kazi ya migodi. Fomu iulize mambo manne tu: jina, miaka aliyosoma, kazi yake, na amesaidia nani hasa, wapi. Hilo la nne liandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, mtu aeleze kama anavyoongea.

Na kuko watu tunaowasahau kwa sababu kuwakumbuka kunaumiza. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi za asili ya mkoa wa Kasaï zilifukuzwa Katanga, mkoa wetu wa wakati ule, watoto walitolewa mu madarasa katikati ya mwaka, wengine walipanda treni pale Likasi na hawakurudi tena. Leo kuko kati yao waalimu, waganga wa hospitali, mainjinia, Mbuji-Mayi, Kananga, Kinshasa. Walisoma kwenye madawati yetu. Watafuteni, waandikieni. Mwaka tuliomwandikia mmoja wao alijibu kwa barua ya mkono ya kurasa nne na aliyekuwa anatusomea alishindwa kumaliza.

## Hatua ya 4: Hakikisheni kweli alisoma hapo

Hii inaonekana rahisi mpaka ufungue rejista. Tahadhari hizi zitawaokoa siku nzima za kutafuta:

Mwaka 1972 Mobutu, raisi wa inchi yetu wakati huo, aliamuru watu waache majina ya kikristo. Kwa hiyo anayejulikana leo kama Papa Joseph fulani, mu rejista za miaka hiyo hakuna Joseph. Tafuta kwa jina la ukoo na jina la nyuma. Akina mama wengi mnawajua kwa jina la mume au la mtoto wa kwanza, mu rejista wako na jina la baba.

Diplome ikisema Shaba, usidhani ni ya mkoa mwingine, Katanga iliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997. Na mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne, kwa hiyo mtu wa Kolwezi wa leo ni wa Lualaba lakini makaratasi yake yanasema Katanga.

Kama ni shule ya kanisa, kumbukeni kwamba mwisho wa 1974 serikali ilichukua shule za makanisa na mwaka 1977 zikarudishwa kwa mkataba. Makaratasi ya miaka hiyo yalihamishwa ovyo. Ulizeni shuleni, kiisha ulizeni parokia, kiisha mwalimu mzee wenu.

Rejista ikikosekana kabisa, tunakubali mashahidi watatu waliosoma naye darasa moja, wakiulizwa kila mmoja peke yake: titulere (mwalimu msimamizi) wa darasa aliitwa nani, darasa lilitazama upande gani. Anayesema kweli hachelewi kujibu.

## Hatua ya 5: Nendeni mkaone kwa macho

Hatua hii njo moyo wa kazi yote, na njo ile watu wanairuka.

Mwaka wetu wa kwanza tulimchagua mtu juu ya dispansere (zahanati) aliyosemekana kuijenga nje ya mji. Tulikuwa na picha, nzuri, jengo jeupe, watoto wamesimama mbele. Tukampa heshima, watu wakapiga makofi. Wiki mbili baadaye mama mmoja wa kule akatuuliza kwa upole tu: "Ninyi mulifika?" Tukaenda. Kofuli ilikuwa imeshika kutu. Tukachungulia dirishani, ndani kulikuwa na kitanda kimoja kisicho na godoro na mizani ya kupimia watoto wachanga, bado mu plastiki yake, hata ile kamba ya kuifunga haijafunguliwa. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kulazwa juu ya mizani ile. Nilirudi mu teksi nimenyamaza njia nzima.

Tangu siku hiyo hakuna jina linaloingia kura bila watu wawili kwenda. Wanaenda wawili, siku ya kazi, bila kumpa taarifa mhusika. Wasiongee na yeye kwanza, waongee na waliohudumiwa. Maswali yetu ni haya:

- Alikuja lini mara ya mwisho?
- Ulilipa kitu?
- Alipokosa kuja, nani alifanya kazi yake?
- Kuko mtu alikataliwa msaada? Juu ya nini?

Hilo la mwisho linafungua mambo mengi, hasa kwa wanaosaidia kabila lao au kanisa lao tu.

Andikeni majibu mu daftari siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Kwa wanaoishi mbali, ombeni mtu wa shule yenu aliye mji huo aende, picha ya simu peke yake isihesabiwe.

Mtajua mmefaulu mkiweza kusimulia jambo moja la kweli juu ya kila mtu, mlilolisikia kwa kinywa cha aliyesaidiwa. Hilo mtalihitaji siku yenyewe.

## Hatua ya 6: Kura

Kila mtu wa komite anaandika alama peke yake: kazi juu ya 10, huduma juu ya 10, muda wa huduma juu ya 5. Jumlisheni. Chagueni watatu, wakizidi sana watano. Tuliwahi kuheshimu watu kumi na mmoja, jua lilizama wa nane bado hajaitwa na wanafunzi walikuwa wameenda nyumbani.

Karatasi za alama zifungwe mu bahasha na kuwekwa kwa prefe. Mtu akija kulalamika, na atakuja, mnamjibu kwa masharti ya hatua ya 1 mkiwa watulivu.

## Hatua ya 7: Muulizeni mhusika kabla ya kutangaza

Nendeni nyumbani kwake, watu wazima wawili, kwa heshima, msitume ujumbe wa simu. "Mama, shule yako inakuomba ukubali." Kuko watakaokataa kwa unyenyekevu, warudieni mara moja tu. Kuko pia wenye sababu zao, hawataki majirani wadhani wana feza, hiyo iheshimuni.

Kama amefariki, muone familia nzima pamoja. Msimpe mtoto mmoja taarifa kwa siri. Ulizeni nani atapokea, na jibu liandikwe mbele ya wote, juu bamba moja likiingia mu familia yenye ugomvi linakuwa kesi.

## Hatua ya 8: Feza

Sasa njo mnahesabu feza. Mtunza feza mmoja, na mwingine anayeshika daftari, wasiwe wa nyumba moja. Michango ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money iingie kwenye nambari moja tu, na kila jumamosi mtunza feza asome ujumbe zote mbele ya mwenzake. Hesabuni na makato ya kutoa, watu wanayasahau kiisha hesabu inakosa na mtu asiye na kosa anaitwa mwizi.

Dola ziangalieni moja moja mbele ya anayezitoa. Noti yenye kupasuka hata kidogo hakuna atakayeipokea.

Mpangilio wa kutumia: mabamba kwanza, pili usafiri wa wanaoheshimiwa, tatu sono (vyombo vya sauti) na jenereta, kiisha maji na chakula, mapambo mwisho kabisa. Moja ya kumi ya feza yote isiguswe mpaka siku hiyo asubuhi. Kwa kila kitu kikubwa tafuteni bei kwa watu watatu.

## Hatua ya 9: Siku na mahali

Fanyeni shuleni. Sale ya hoteli ni nzuri lakini mtoto wa darasa la saba hataingia humo, na yeye njo tunayetaka aone.

Wakati mzuri ni jumamosi moja kabla tu ya mwaka wa shule kufungwa, mwanzo wa mwezi wa saba. Hakuna mvua, wanafunzi bado wako, na wanaoishi nje wanaanza kurudi likizo. Ulizeni prefe tarehe za mitihani ya serikali kwanza, msigongane nayo. Anzeni asubuhi saa tatu, mumalize kabla ya saa nane, juu Lubumbashi mwezi huo jioni kuko baridi na wazee watakuwa wamekaa nje. Vumbi ni jingi, mwagieni kiwanja maji alfajiri.

Umeme mchukulieni kwamba hautakuwako. Jenereta ijaribiwe ijumaa, na mafuta yanunuliwe ijumaa.

Kama kuko mtu ataongea kwa simu kutoka mbali, kumbusheni saa: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja.

## Hatua ya 10: Bamba la shaba

Msinunue trofe za plastiki za dukani. Tuko mu mji wa shaba! Kuko mafundi hapa wanaogonga bati la shaba kwa nyundo upande wa nyuma mpaka sura itokeze mbele, kazi yao inabaki miaka na miaka, na wengine wanajua kutia kipande kidogo cha malakiti, lile jiwe la kijani, pembeni. Wapeni oda miezi miwili mbele.

Hatari kubwa ni majina. Kwetu jina moja lina sura nyingi: Ngoy, Ngoie, Ngoyi. Mwamba na Muamba. Mwenye mwandiko mzuri aende kwa mhusika na karatasi, amuombe aandike jina lake mwenyewe kwa mkono wake, na karatasi hiyohiyo iende kwa fundi. Msilisome kwa simu.

Najua ninachosema. Kuko mama muuguzi, miaka zaidi ya thelathini anazalisha akina mama, usiku anatembea kwa miguu, sisi tuliandika jina lake kwa herufi moja pungufu. Alipokea bamba kwa mikono miwili, akalisoma, akapitisha kidole gumba juu ya herufi taratibu, kilipofika mahali pa kosa kikasimama. Hakusema kitu. Akaliweka kifuani na akatabasamu na akakaa. Tulilirudisha kwa fundi jumatatu, na sisi njo tulilipa, lakini ile siku yake hatuwezi kuirudisha.

Mwambieni fundi apake verni, la sivyo shaba itakuwa nyeusi mu miezi michache. Likishakuwa jeusi, limau na chumvi vinalisafisha, kiisha suuza na ukaushe vizuri.

## Hatua ya 11: Siku yenyewe

Wanaoheshimiwa wakae mbele, na kila mmoja awe na mwanafunzi mmoja wa kumpokea getini, kumshika mkono, kumletea maji na kukaa naye mpaka mwisho. Wakubwa wa serikali wakija wapokelewe kwa heshima yao, hotuba moja, dakika tano, na waambiwe dakika hizo kabla ya siku.

Kila anayeitwa, wasifu wake usomwe na mwanafunzi, kwa Kiswahili. Kifaransa kiwepo kwa wageni, sawa, lakini mama yake mzee aliyeuza bitoyo (samaki wa chumvi) sokoni kulipa minerval, feza ya shule, aelewe neno kwa neno mtoto wake anasifiwa juu ya nini. Usisomeke kama sivii ya kuombea kazi. Someni ile hadithi moja mliyoipata hatua ya 5, na aliyesaidiwa kama yuko asimame.

Kiisha, kabla ya chakula, kila mmoja aingie darasa moja na wanafunzi, dakika arobaini, milango ifungwe, waalimu watoke. Watoto waulize wanachotaka. Mwaka mmoja kijana wa mwaka wa mwisho alimuuliza injinia wetu: "Papa, siku ulikosa feza ya minerval ulifanya nini?" na yule papa akakaa juu ya dawati akawaeleza namna alivyouza makala nusu mwaka. Tulimwita mara tatu kuja kula, hakutoka.

Chakula kiwe cha kawaida, bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), michopo (nyama ya kuchoma), sukre (soda). Wanafunzi wale kitu kilekile wanachokula wageni.

## Hatua ya 12: Wiki mbili zinazofuata

Hesabu ya feza isomwe hadharani ndani ya siku 14 na kubandikwa shuleni, na risiti. Kinachobaki, hata kidogo, kiende kwenye minerval. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi, sekondari wazazi bado wanalipa, na kila shule ina watoto wanaofukuzwa juu ya hiyo. Prefe na mwalimu wachague mtoto, jina lake msilitangaze.

Madaftari yote mawili, bahasha ya kura na ile karatasi ya masharti, mfungie ndani ya sanduku la chuma kwa prefe, komite ijayo ianzie hapo.

Na ukutani, mu koridoo, wekeni ubao wa majina. Uwe chini, kimo cha macho ya mtoto wa darasa la saba, wengi wanauweka juu karibu na dari mahali anasoma mwalimu peke yake. Jina, mwaka wa kumaliza, na mstari mmoja wa alichokifanya. Ufungeni kwa skurubu, si kwa misumari, juu mwaka ujao mtaushusha kuongeza majina.